Ukiitwa Kupimwa Retina, Nenda na Mtu wa Kukurudisha

Mtu anaweza kuhudhuria kliniki ya kisukari miaka kumi mfululizo, akatobolewa kidole, akapimwa presha na uzito, akaandikiwa dawa, na nyuma ya jicho lake pasichunguzwe hata mara moja. Muulize kwa nini, atakwambia macho yake hayana neno. Simu anaisoma, daladala anaitambua ikiwa bado mbali, na miwani aliyonunua kwa machinga Kariakoo imemfaa.

Hapo ndipo penye hatari. Retina, ule utando mwembamba wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga na kupeleka habari ubongoni, haiumi. Sukari ikikaa juu muda mrefu, mishipa midogo ya damu iliyomo humo huharibika: mingine huvuja, mingine huziba, na baadaye huota mipya iliyo dhaifu, inayopasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Haya yanaweza kuendelea kwa miaka huku mgonjwa akiona vizuri tu. Siku anapoanza kuona ukungu au nyuzi nyeusi zinazoelea, mara nyingi ugonjwa umeshakomaa.

Kwa hiyo mwenye kisukari cha aina ya pili huchunguzwa mara tu anapogundulika, kisha kila mwaka. Wa aina ya kwanza huanza ndani ya miaka mitano. Mwanamke mwenye kisukari akishika mimba asisubiri zamu yake, kwani ujauzito unaweza kuuharakisha ugonjwa huu.

Siku yenyewe huanza kwa jambo ambalo wengi wamelizoea: kusoma herufi ukutani, jicho moja limefunikwa. Asiyejua kusoma huonyeshwa herufi E iliyogeuzwa huku na huku, naye anaelekeza kwa mkono vidole vya E hiyo vinatazama wapi. Kisha hupimwa presha ya jicho, ambayo si ile ya mkononi. Kuna mashine inayopuliza hewa, ukashtuka kidogo, na kuna kipimo kinachogusa jicho lililokwisha kutiwa ganzi.

Baada ya hapo huja matone, na hayo ndiyo yanayowakimbiza watu. Kwenye mabenchi ya kusubiria utasikia kwamba fulani aliwekewa dawa akatoka haoni. Ni kweli alitoka haoni vizuri, ila watu huacha kumalizia kwamba jioni au kesho yake aliona kama kawaida. Mboni ni tundu ambalo daktari hulitumia kuchungulia ndani. Ikiwa imesinyaa ataona sehemu ndogo tu. Matone huchoma kwa sekunde chache, kisha mboni hutanuka taratibu kwa dakika ishirini au thelathini. Macho yetu yenye rangi nyeusi huchelewa zaidi kuliko ya bluu, kwa hiyo muuguzi akirudi kukuongezea tone, usidhani amekosea.

Mboni ikishatanuka, maandishi ya karibu hufifia na jua la mchana hukera. Hali hiyo huchukua saa nne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Usiendeshe gari, na dereva wa bodaboda asiende kliniki akitarajia kurudi kazini saa hiyohiyo. Nenda na ndugu, beba miwani ya jua au kofia pana, na kama kuna fomu za kusaini, zimalize kabla ya matone. Kula na umeze dawa zako kama kawaida, isipokuwa umeelekezwa vinginevyo; foleni ni ndefu, na sukari kushuka ukiwa kwenye benchi ni tatizo jingine. Kama uliwahi kupata presha ya macho ya ghafla, mwambie daktari mapema. Ni nadra matone kuiamsha, lakini ukirudi nyumbani jicho likauma sana, likawa jekundu na ukatapika, rudi hospitali mara moja.

Ndani ya chumba chenye giza utaegemeza kidevu kwenye mashine, au daktari atavaa taa kichwani na kushika lenzi mbele ya jicho lako. Tazama juu. Kulia. Chini. Mwanga ni mkali, na ukizimwa utaona rangi ya waridi kwa muda mfupi. Msingi wa kazi hii uliwekwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz, ambaye mwaka 1851 alitangaza kifaa cha kutazamia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Leo kuna pia kamera za kupiga picha ya retina, na mashine za mwanga zinazoonyesha matabaka yake bila kugusa jicho. Ukichomwa sindano ya rangi mkononi ili mishipa ionekane, ngozi itakuwa na umanjano na mkojo utabadilika rangi kwa muda. Usihangaike kutafuta dawa ya manjano.

Daktari haangalii kisukari peke yake. Humo huonekana athari za presha ya damu, za seli mundu, na mshipa wa fahamu unaoharibiwa na glakoma. Mtoto ambaye mboni yake inang'aa weupe, hata kama mmeigundua kwenye picha ya simu, apelekwe haraka, kwani huenda ni saratani ya retina. Na yeyote anayeona vimulimuli vya ghafla, au kama pazia linashuka upande mmoja, asingoje miadi: retina inaweza kuwa inabanduka.

Tiba zipo, zikiwemo mionzi ya leza na sindano za ndani ya jicho. Nyingi hulinda uoni uliobaki kuliko kurudisha uliokwisha kupotea, na kwa sababu hiyo naona kosa kubwa la kliniki zetu ni kumtuma mgonjwa kwa daktari wa macho baada ya yeye mwenyewe kulalamika. Hospitali za Muhimbili, CCBRT na KCMC zina madaktari wa macho, lakini mlango wa kwanza ni kliniki unayochukulia dawa. Tarehe yako ijayo, kabla hujanyanyuka kitini, uliza retina yako iliangaliwa lini. Kama hakuna tarehe kwenye kadi, omba rufaa siku hiyohiyo.