Mwenye Mali ni Nani? Wizi na Umiliki katika Michezo ya Kompyuta

Kalamu iliyolazwa juu ya dawati la mwanafunzi yaweza kupimwa kwa mizani, kutiwa chini ya hadubini, hata kuchomwa ili kuchunguza kemikali zilizomo. Lakini hakuna kipimo cha maabara kitakachoonyesha kwamba kalamu hiyo ni ya Asha wala si ya Juma. Umiliki haumo ndani ya kitu. Umo baina ya watu: katika kumbukumbu zao, katika ushahidi wa majirani, katika stakabadhi na katika sheria. Kalamu ikiibwa hubaki vile vile ilivyokuwa. Kilichobadilika ni uhusiano tu.

Jambo hili, ambalo mtoto hulielewa kabla hajaanza shule, limewasumbua watunga programu za kompyuta kwa takriban miaka arobaini. Walikutana nalo mahali pasipotarajiwa, yaani katika michezo ambamo mchezaji huvaa nafsi ya shujaa wa kubuni, akasafiri katika nchi za ngano zenye majoka na wachawi, akikusanya panga, vito, dawa na dhahabu. Nchi hizo zina nyumba na maduka, na ndani yake mna watu wanaoongozwa na programu yenyewe. Shujaa akichukua mkate uliokuwa mezani kwa mtu, je, ameokota au ameiba? Programu haiwezi kukisia. Lazima iandikiwe.

Michezo mingi ya mwanzo haikujishughulisha na swali hilo. Kilichoguswa na shujaa kilikuwa chake. Mchezo uitwao Ultima IV, uliotolewa Marekani mwaka 1985, ulijaribu njia nyingine iliyohesabu tabia badala ya mali. Humo mlikuwa na muuza mitishamba kipofu. Alitaja bei, kisha akamwachia mnunuzi mwenyewe ahesabu sarafu na kulipa. Mchezaji aliyelipa pungufu alipewa mitishamba yake kama kawaida, wala hakuna aliyemkamata. Ila katika rekodi ya siri ya programu namba iliyowakilisha uaminifu wake ilipunguzwa, na baadaye alishangaa kuona safari yake haiendelei. Mitishamba haikuwekewa alama yoyote. Alama aliwekewa mwizi.

NetHack, mchezo uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 na ambao hadi leo una wapenzi wake, ulilitazama tatizo kwa jicho la mwenye duka. Mwenye duka husimama karibu na mlango. Mgeni akija na sururu haruhusiwi kuingia nayo, kwa kuwa mwenye sururu aweza kutoboa ukuta na kutokomea. Kitu kinapookotwa dukani, programu hukitia alama ya kutolipiwa na kukiongeza katika hesabu ya mteja. Na mteja asipolipa, mwenye duka huziba mlango. Akila kitu humo dukani, atakilipa hata kama kimekwisha kuwa tumboni. Akitoroka kwa uchawi, programu humtangaza kuwa mwizi na polisi hutokea kumsaka. Lakini mchezaji anayefuatana na mbwa au paka aweza kumwacha mnyama huyo aokote kitu dukani na kukidondosha nje, kisha mwenyewe akakichukua bila ya deni lolote. Mnyama si mteja. Hana hesabu ya kuandikiwa. Kanuni inayofuata alama bila ya kujua nia huacha mwanya wa namna hii, na wachezaji huuona upesi kuliko watungaji.

Alama yenyewe ni kitu gani? Kompyuta huhifadhi habari zake kwa biti, yaani nafasi ndogo ambayo huwa na 0 au 1 tu. Baldur's Gate, mchezo wa mwaka 1998, ni mfano mzuri wa kutumiwa darasani. Kila kitu alichobeba mhusika kina namba moja ndogo, na biti za namba hiyo kila moja ina maana yake: ya kwanza, yenye thamani ya 1, huonyesha kwamba kitu kimekwisha kutambuliwa, ya pili, yenye thamani ya 2, kwamba hakiibiki, ya tatu, yenye thamani ya 4, kwamba kimeibwa, na ya nne, yenye thamani ya 8, kwamba hakiwezi kuwekwa chini. Upanga uliotambuliwa nao ni wa wizi una namba 5, ambayo kwa hesabu za kizio cha 2 huandikwa 101. Mwenye duka anayeletewa upanga huo huitazama biti ya tatu. Akiikuta 1, hanunui, isipokuwa awe mmoja wa wale wanaofanya biashara na wezi.

Njia hiyo ni nyepesi, lakini ina upungufu. Biti moja husema kwamba kitu kimeibwa bila ya kusema kimeibwa kwa nani. Hata mwenye upanga mwenyewe akikutana nao hataujua.

Kampuni ya Bethesda ya Marekani ilikwenda mbali zaidi katika mfululizo wake wa The Elder Scrolls. Katika michezo hiyo kitu kilichowekwa duniani chaweza kuandikiwa mwenyewe, ambaye ni mtu mmoja au chama kizima; na kikiwa cha chama, mwanachama aweza kukitumia bila ya kosa. Hata kitanda kina mwenyewe, na kulala katika kitanda cha mtu ni kosa. Mtazamo huu una busara, kwani humkaribisha mchezaji katika jamii yenye mipaka inayofanana na ya kweli.

Ugumu huanzia pale kitu kinapoingia mfukoni. Katika Morrowind, mchezo wa mwaka 2002, kitu kilichoibwa hakikubeba alama. Badala yake programu iliweka daftari la wizi, lililoandika aina ya kitu na jina la aliyeibiwa. Faida ya daftari la aina hiyo ni uchumi wa kumbukumbu: mishale 200 inayofanana huandikwa katika mstari mmoja wenye aina na idadi, ambapo kila mshale ukipewa historia yake itahitajika mistari mingi. Aidha, daftari lilileta haki fulani. Kwa kuwa jambia halina alama, mfanyabiashara wa mji mwingine hakuwa na sababu ya kulikataa, nalo lingeweza kuuzwa huko bila ya maswali. Aliyeibiwa tu ndiye aliyeitambua mali yake na kuidai.

Lakini aliitambua kwa aina, si kwa kitu chenyewe. Mchezaji aliyemwibia mtu jambia, kisha miezi mingi baadaye akanunua kwa fedha halali jambia jingine la aina ile ile na kumpelekea mtu yule yule, aliitwa mwizi papo hapo. Na askari walipomkamata mchezaji walitaifisha vitu vyote vya aina zile zilizomo daftarini, vya halali kwa vya haramu. Ni kana kwamba mtu aliyewahi kuiba kilo moja ya sukari ananyang'anywa kila sukari atakayoinunua katika maisha yake. Mwanasheria angesema kwamba programu ile haikutofautisha kitu mahususi na kitu cha jumla. Hapa ndipo kosa la kuchagua muundo wa data lilipogeuka kuwa dhuluma, ingawa ni dhuluma ya ndani ya ngano.

Mchezo uliofuata, Oblivion wa mwaka 2006, ulirekebisha kasoro hiyo. Alama sasa ilifuatana na kitu chenyewe, na mchezaji aliyefungua mfuko wake aliona picha ya mkono mwekundu kando ya kila kilichoibwa. Alipotiwa gerezani, vitu hivyo tu ndivyo vilivyowekwa katika sanduku la ushahidi. Dhuluma ya jambia ikaondoka, lakini ikaja ajabu nyingine. Kila mfanyabiashara wa nchi nzima alijua, kwa kutupia jicho tu, kwamba kijiko alicholetewa kiliibwa katika kijiji asichowahi kukifika. Wafanyabiashara wote wakawa waaguzi. Ili auze, mwizi alilazimika kujiunga na chama cha wezi, chenye wanunuzi wake wa siri. Kwa mchezo, jambo hilo lina manufaa, maana humpa mwizi kazi, njia na marafiki. Kwa mtu anayetafuta mfano wa maisha ni hatua ya kurudi nyuma. Katika maisha ya kweli mali ya wizi huuzika kwa sababu hiyo hiyo kwamba haina alama, na mpokeaji wa mali ya wizi huadhibiwa kwa kuwa alijua au alipaswa kujua.

Skyrim, wa mwaka 2011, ulidumisha alama ya kitu, ukaongeza mambo mawili yanayostahili kuchunguzwa.

La kwanza ni ushahidi. Kosa huhesabiwa pale linapoonekana, na programu hupima kama kuna mstari ulionyooka baina ya macho ya shahidi na mwizi. Wachezaji waligundua kwamba mtu akivikwa ndoo kichwani hulalamiki, huendelea kukaa dukani kwake, naye hawezi tena kuona linalofanyika. Mstari wa macho umekatwa na ndoo. Duka lote laweza kukombwa mbele yake. Kisa hiki kilichekesha dunia nzima, lakini si mzaha mtupu, kwani huonyesha jinsi programu inavyoelewa neno «kuona»: jiometri tu, bila ya akili ya kujiuliza ndoo imefikaje kichwani. Lililo zito zaidi ni hili, kwamba mchezaji akimwua shahidi wa mwisho, deni la kosa hufutwa. Kosa lisilokumbukwa na mtu, kwa mchezo huo, halikutendeka.

La pili ni kugeuza. Mitishamba iliyoibwa ikipikwa kuwa dawa, dawa hiyo haina alama ya wizi. Madini yaliyoibwa yakiyeyushwa na kufuliwa pete, pete ni safi. Kwa programu sababu ni dhahiri: malighafi hufutwa na kitu kipya huundwa, na kitu kipya huzaliwa na mwenyewe mpya. Msomaji asidhani kwamba swali hili ni la kompyuta tu. Wanasheria wa Roma ya kale waligawanyika juu yake kwa muda mrefu. Zabibu za mtu mmoja zikikamuliwa divai na mtu mwingine, divai ni ya nani? Wasabiniani walisema ni ya mwenye zabibu, kwa kuwa bila ya zabibu hapana divai. Waprokuliani walisema ni ya mkamuaji, kwa kuwa divai haikuwako kabla yake. Mfalme Justiniani, katika kitabu cha mafunzo ya sheria kilichotolewa mwaka 533, alichagua njia ya kati: kitu kikiweza kurudishwa katika hali yake ya kwanza, ni cha mwenye malighafi, kisipoweza, ni cha mtengenezaji, ingawa mwizi alibaki na mashtaka yake. Kwa kanuni hiyo, Skyrim umepatia juu ya dawa, kwani dawa hairudi kuwa mitishamba, lakini umekosea juu ya pete, ambayo yaweza kuyeyushwa tena. Wanafunzi wa kemia na wa siasa wangeweza kukaa pamoja na kubishana juu ya jambo hili kipindi kizima.

Dhahabu, yaani fedha ya michezo hiyo, haiwekewi alama. Sarafu iliyoibwa ikishaingia mfukoni huchanganyika na nyingine. Hapa watunga programu wamefuata, pengine bila ya kujua, hukumu ya Lord Mansfield wa Uingereza katika shauri la Miller na Race la mwaka 1758, lililohusu noti ya benki iliyoibwa katika mkoba wa posta. Aliamua kwamba aliyeipokea noti hiyo kwa nia njema na kwa malipo halali ni mwenyewe, maana bila ya hivyo hapana ambaye angethubutu kupokea fedha. Uingereza hiyo hiyo iliwahi pia kuwa na kanuni kwamba bidhaa ya wizi iliyonunuliwa kwa nia njema katika soko la hadhara, baina ya kuchomoza na kuchwa kwa jua, huwa mali halali ya mnunuzi. Kanuni hiyo ilifutwa mwanzoni mwa mwaka 1995 tu.

Yote yaliyoelezwa hadi hapa yalitendeka ndani ya ngano, na waliopoteza ni watu wasiokuwako. Mwaka 2007, katika mji wa Leeuwarden, Uholanzi, jambo liligeuka. Wavulana wawili walimpiga mwenzao wa miaka 13 na kumtishia kwa kisu ili aingie katika akaunti yake ya RuneScape, mchezo wa ngano unaochezwa na maelfu ya watu kwa pamoja kupitia intaneti. Walichotaka ni hirizi na barakoa alizojipatia humo kwa kucheza muda mrefu. Vitu hivyo vikahamishiwa kwa mmoja wao. Kwa kompyuta ya mchezo uhamisho huo ulifanana na mwingine wowote. Hapakuwa na biti ya kuonyesha kisu.

Wakili wa utetezi alidai kwamba hirizi hiyo si kitu, bali ni mpangilio wa biti, na biti haziibiki. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Uholanzi, nayo ikatoa hukumu Januari 2012. Ilisema kwamba vitu hivyo vilikuwa na thamani kwa kijana kwa sababu ya muda na juhudi alizotumia, kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mamlaka juu yake, na kwamba baada ya tendo lile mamlaka hayo yalimtoka yakawa ya mwingine. Huo ni wizi.

Mahakama hiyo ilikuwa imekwisha kupita njia hiyo mwaka 1921. Daktari wa meno wa mji wa The Hague alikuwa amezuia mita yake ya umeme kwa sindano ili isihesabu, na aliposhtakiwa alijitetea kwamba umeme si kitu, kwa hiyo hauwezi kuibwa. Majaji wa wakati huo walilazimika kuuliza, kama wanafunzi wa fizikia, umeme ni nini hasa; kisha wakaamua kwamba, kwa kuwa waweza kuzalishwa kwa gharama, kuhamishwa na kutumiwa, yatosha. Daktari akapatikana na hatia.