Uhalifu wa mtandao: Kufuta faili hakufuti ushahidi

WEZI walioiingilia Benki Kuu ya Bangladesh mwanzoni mwa Februari 2016 hawakuvunja mlango wala kumtishia mlinzi. Walitumia kompyuta za benki hiyo hiyo kutuma maagizo 35 ya malipo kwenda Benki Kuu ya Marekani, tawi la New York, wakitaka kuhamisha karibu dola milioni 951 za Marekani.

Maagizo matano yalipita. Dola milioni 81 ziliingia katika akaunti za benki moja nchini Ufilipino, na nyingi kati yake zikapotelea katika kasino za Manila. Dola nyingine milioni 20 zilizotumwa Sri Lanka zilizuiwa baada ya neno moja katika jina la mpokeaji kugundulika kuwa limekosewa herufi.

Wezi hao walijiandaa pia kuficha nyayo zao. Walipandikiza programu iliyofuta kumbukumbu za miamala na kuizuia mashine ya benki kuchapa taarifa za malipo. Hata siku zilichaguliwa kwa hesabu: Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko nchini Bangladesh, Jumapili ofisi za New York zilikuwa zimefungwa, na Jumatatu ya Februari 8 Ufilipino ilikuwa katika sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina.

Hata hivyo, programu hiyo ya kufutia ushahidi ndiyo iliyogeuka kuwa ushahidi. Wataalamu wa kampuni ya Uingereza ya BAE Systems walipoichambua, walibaini kuwa namna yake ya kufuta mafaili ilifanana na ile ya programu zilizohusishwa na shambulio dhidi ya kampuni ya filamu ya Sony Pictures mwaka 2014. Septemba 2018, Marekani ilitangaza mashitaka dhidi ya raia mmoja wa Korea Kaskazini ikimhusisha na matukio yote mawili. Korea Kaskazini ilikanusha.

Kazi ya kutafuta, kuhifadhi na kufasiri alama za namna hiyo ndiyo huitwa uchunguzi wa kisayansi wa ushahidi wa kielektroniki. Mchunguzi hupekua kompyuta, simu, seva na kumbukumbu za mitandao ili kujua nani alifanya nini, lini, na kwa kutumia chombo gani.

Msingi wake mmoja ni kwamba kufuta si kuteketeza. Mtu anapofuta faili katika diski ya kawaida, kompyuta huondoa tu kumbukumbu ya mahali faili hilo lilipo na kuhesabu nafasi hiyo kuwa tupu. Ni sawa na jina la mpangaji kufutwa katika daftari la mwenye nyumba: jina limetoka, lakini mpangaji bado yumo chumbani hadi mwingine atakapohamia.

Mfano unaojulikana sana ni wa Dennis Rader wa mji wa Wichita, Marekani, aliyeua watu 10 kati ya mwaka 1974 na 1991 bila kukamatwa. Mwaka 2005 alituma diski ndogo kwa kituo kimoja cha televisheni. Ndani yake wachunguzi walifufua waraka uliofutwa, na katika taarifa zake zilizofichika wakakuta jina la kanisa na jina "Dennis". Alikamatwa Februari 25 mwaka huo, na baadaye alihukumiwa vifungo 10 vya maisha.

Ushahidi wa aina hii, pamoja na ukaidi wake, ni dhaifu kuliko karatasi. Kitendo cha kuwasha kompyuta tu hubadilisha tarehe na mafaili kadhaa ndani yake. Kuizima nako hupoteza yaliyokuwa katika kumbukumbu ya muda. Simu iliyokamatwa ikiwa bado imeunganishwa na mtandao inaweza kufutwa na mshirika wa mtuhumiwa aliye mbali, ndiyo sababu wachunguzi huiweka katika mfuko maalumu unaozuia mawimbi. Aidha, katika simu na diski nyingi za kisasa, mfumo wenyewe huweza kusafisha nafasi za mafaili yaliyofutwa, hivyo kila saa inayopita ni hasara.

Kwa sababu hiyo, mchunguzi makini hafanyi kazi juu ya kifaa halisi. Hutengeneza nakala kamili ya kila kilichomo, kisha hupitisha hesabu maalumu juu ya nakala na asili yake. Hesabu hiyo hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu ulio kama alama ya kidole. Herufi moja ikibadilishwa katika waraka, alama yote hubadilika. Alama mbili zikilingana, mahakama hupata uhakika kuwa hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa.

Sambamba na hilo, huandikwa kila mkono uliopokea kifaa, saa na sababu yake. Pengo katika orodha hiyo humpa wakili wa utetezi swali rahisi lakini zito: katika saa ambazo kifaa hakikuwa na mtunzaji anayejulikana, nani alikigusa?

Sheria za Afrika Mashariki zinatambua ushahidi huu. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawaruhusu polisi kuamuru takwimu zinazohitajika katika upelelezi zitolewe au zihifadhiwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huo huo inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi, kuangalia jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyolindwa. Nchini Kenya, Sheria ya Ushahidi inadai hati inayothibitisha chanzo cha taarifa na kifaa kilichoitoa, na mwaka 2018 nchi hiyo ilipitisha sheria yake ya makosa ya kompyuta na mtandao.

Pamoja na hayo, vikwazo vipo. Taarifa zilizofungwa kwa nywila imara huweza kumshinda hata mtaalamu. Seva yenye ushahidi inaweza kuwa nje ya nchi, na maombi ya kuipata yakachukua miezi wakati kumbukumbu zake zikifutwa kwa utaratibu wa kawaida wa kampuni.

Kwa mwananchi, uhalifu huu kwa kawaida huja kwa sura ndogo zaidi: ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", au simu ya mtu anayejifanya mhudumu wa kampuni ya simu na kuomba namba ya siri. Wengi waliotapeliwa hufuta ujumbe huo kwa hasira au aibu, na kwa kufanya hivyo humsaidia mhalifu.

Aliyetapeliwa anapaswa kuuacha ujumbe ndani ya simu, kuandika saa na namba ya muamala, kuiarifu kampuni ya simu au benki mara moja na kutoa taarifa polisi. Simu isipelekwe kwa fundi "kusafishwa". Picha ya skrini ni msaada, lakini ujumbe wenyewe, ukiwa bado mahali ulipopokelewa, ni rahisi zaidi kuthibitishwa mahakamani.