Sindano za Kichina na Presha: Kwa Ubongo Kunaendaje Haswa?

Kama uko na mathe, mbuyu ama shosho mwenye presha, hii stori unaijua. Kuna kaboksi ka dawa kanakaa kando ya TV, kuna chumvi imepunguzwa kwa sufuria hadi sukuma ina ladha kama maji, na kuna jirani mmoja hakosi ushauri. Zamani ushauri ulikuwa kitunguu saumu na ndimu. Siku hizi ni: "Mpelekeni kwa wale Wachina adungwe sindano, hizo dawa ataachana nazo."

Kabla umcheke huyo jirani, chanuka kidogo. Stori ya sindano, ile watu wanaita akupancha, si upuuzi wote. Kuna wanasayansi wamefuatilia njia yake kutoka kwa ngozi ya mkono hadi ndani kabisa ya ubongo. Lakini kabla umwamini pia, tulia. Kati ya "inagusa ubongo" na "inaponya presha" kuna safari ndefu, na hapo katikati ndio watu wanaumia.

Presha ni namba mbili

Moyo ni pampu, mishipa ya damu ni mipaipu. Namba ya juu ni nguvu ya damu kwa mipaipu wakati moyo unasukuma. Namba ya chini ni ile nguvu inabaki moyo ukipumzika. 120 juu ya 80 uko fiti. Ukipimwa siku tofauti na bado uko 140 juu ya 90 ama zaidi, hiyo ni presha.

Ubaya wake ni kwamba kwa wengi haiumi. Haikohozi, haiwashi, haikunyimi usingizi. Shirika la Afya Duniani linasema watu wazima kama bilioni 1.4 wa kati ya miaka 30 na 79 walikuwa nayo 2024, na karibu nusu yao hawajui. Hapa Kenya, utafiti wa kitaifa wa 2015 ulipata karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ako nayo. Wengine hujua siku mshipa umepasuka kwa kichwa na upande mmoja wa mwili umekataa kusonga. Wengine hujua wakiambiwa figo zimechoka.

Dere ako chini ya ubongo

Sasa twende kwa kichwa. Pale chini, ubongo unapoungana na uti wa mgongo, kuna shina la ubongo. Ndani yake kuna kikundi kidogo cha seli ambacho kinatuma amri kwa neva zinazobana mishipa ya damu na kuharakisha moyo. Tukiite dere. Dere akikanyaga mafuta, moyo unapiga kwa nguvu, mishipa inajibana, presha inapanda. Ukikimbizwa na mbwa, hiyo ni kazi poa. Shida ni dere ambaye mguu hautoki kwa mafuta hata kama mat imesimama steji.

Dere hayuko pekee yake. Kwa ubongo wa kati kuna sehemu inayoweza kumwambia apunguze. Huyo ni konda. Na juu ya konda kuna ofisi ya sacco, sehemu inaitwa haipothalamasi, ambayo inapokea ripoti kutoka mwili mzima na kutoa maagizo.

Sindano inaingilia wapi? Kwanza jua kwamba sindano ya akupancha haina dawa ndani. Ni kachuma kembamba, kamejaa, hakana tundu. Kazi inafanywa na neva iliyo chini ya ngozi. Pointi moja maarufu iko upande wa ndani wa mkono, juu kidogo ya kifundo, mahali neva kubwa inapita kuelekea kiganja. Ingine iko chini ya goti. Ukidunga hapo, na hasa ukipitisha umeme kidogo sana kwa sindano, neva inapeleka ripoti juu. Ofisi inasikia, konda anasikia, halafu ujumbe unateremka hadi kwa dere: punguza.

Hiyo si hadithi ya kijiweni. Chuo Kikuu cha California kule Irvine, Marekani, timu ya daktari wa moyo John Longhurst na mwenzake Stephanie Tjen-A-Looi imechimba hii kitu miaka mingi. Walianza na wanyama wa maabara, wakawapandisha presha makusudi, halafu wakawadunga kwa pointi hizo wakisikiliza seli za ubongo zinafanya nini. Dere alitulia.

Kilichomtuliza ni kemikali ambazo ubongo unajitengenezea, zikiwemo zinazoitwa enkefalini. Hizi ziligunduliwa 1975 huko Aberdeen, Scotland. Ni jamii moja na mofini, ile dawa kali ya maumivu, tofauti ni kwamba hizi unazo ndani yako bila kununua. Na ushahidi wenyewe ni huu: watafiti walipoweka kwa shina la ubongo dawa inayozima kemikali za aina hiyo, sindano ilikosa nguvu. Presha haikushuka tena kama mwanzo. Ukifunga mdomo wa mjumbe na ujumbe usifike, basi ujue ni yeye alikuwa anaubeba.

Halafu 2016 timu hiyo ikaonyesha kwa panya waliopandishwa presha kwa kuwekwa kwa baridi kwamba kudungwa mara kwa mara kuliongeza enkefalini kwa shina la ubongo, na presha ikakaa chini siku kama tatu baada ya sindano ya mwisho.

Kwa binadamu je?

2015, hao hao wa Irvine walichukua watu 65 wenye presha ya kadiri, ambao hawakuwa kwa dawa. Kundi moja lilidungwa kwa zile pointi za mkono na chini ya goti. Lingine lilidungwa kwa pointi tofauti za mkono na mguu. Nusu saa, mara moja kwa wiki, wiki nane, na umeme kidogo juu yake. Presha ilipimwa kwa mashine unayovaa masaa 24.

Kwa kundi la kwanza, karibu asilimia 70 walishuka, kwa wastani pointi 6 hadi 8 namba ya juu na 4 namba ya chini. Ilikaa hivyo kama mwezi mmoja na nusu. Damu yao pia ilionyesha noradrenalini imeshuka asilimia 41. Hiyo ndio kemikali ambayo neva za dere zinatumia kubana mishipa. Kundi la pili halikupata kitu cha maana.

Hapo wengi wanafunga simu na kukimbia kuandika "Sindano inaponya presha!" Ngoja kwanza.

2006, utafiti mwingine wa Marekani ulichukua watu 192. Wengine walidungwa sindano za ukweli, wengine sindano feki, zile zinawekwa mahali pasipo na pointi. Baada ya wiki kumi, wote walikuwa wameshuka kidogo tu, kati ya pointi 3 na 4. Sindano ya ukweli haikuishinda ya feki.

2007, Ujerumani, watu 160 walidungwa mara 22 ndani ya wiki sita. Hapa sindano ya ukweli ilishinda: namba ya juu ilishuka karibu pointi 5. Lakini walipopimwa tena baada ya miezi mitatu, presha ilikuwa imerudi pale pale.

2018, mtandao wa Cochrane, ambao kazi yake ni kukusanya tafiti na kuzipima kwa mizani moja, ulipitia majaribio 22 na kusema hakuna ushahidi kwamba akupancha inashusha presha na kuiweka chini kwa muda mrefu.

Kwa hivyo form ni gani? Form ni kwamba njia ya kwenda kwa ubongo iko, na inaeleweka. Lakini kujua barabara iko si kusema mat inafika kila siku. Konda anaweza kumtuliza dere kwa muda, halafu akinyamaza, mguu unarudi kwa mafuta.

Piga hesabu mwenyewe

Tuseme mathe ako 165 juu ya 100. Sindano ikimkubali vizuri sana, atashuka hadi kama 157. Bado ako kwa hatari. Kidonge kimoja cha kawaida cha presha kinashusha namba ya juu kwa karibu pointi 9, na ukiongeza cha pili zinashuka zaidi, kila siku bila kupanga foleni ya kudungwa. Tena dawa zimeonyesha kitu ambacho sindano haijaonyesha: kila pointi 10 ukishusha namba ya juu, hatari ya stroke inapungua kwa karibu robo. Huyo ndiye adui, si ile namba kwa mashine.

Ndio maana mtu akikuambia mzazi wako atupe dawa kwa sababu ameanza sindano, huo ni mchezo wa maisha ya mtu. Dawa zingine za presha ukiziacha ghafla, namba inaruka juu kuliko ilivyokuwa.

Kama bado mathe anataka kujaribu, si vita. Mwambie hivi:

Dawa ziendelee. Wa kupunguza ama kubadilisha ni daktari wake pekee, si mtu wa sindano.

Sindano ziwe mpya, zifunguliwe kwa pakiti mbele yake, zitumike mara moja na zitupwe. Sindano ya kurudiwa inaweza kuleta HIV na homa ya ini.

Kama ako na kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, umeme kwa sindano asikubali. Kama anatumia dawa za kuyeyusha damu, aseme mapema.

Apimwe nyumbani asubuhi na jioni, akiwa amekaa kimya dakika tano, na aandike kwa kitabu. Baada ya wiki nane hizo namba zitasema ukweli kuliko mtu yeyote anayeuza kitu.

Na mtu akimwahidi "utapona kabisa", hepa hapo. Hakuna utafiti uliowahi kusema hivyo.

Mambo ya kawaida nayo bado yanafanya kazi: chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, na hiyo inahesabu ile ya krisps na ya supu ya pakiti. Kutembea. Kupunguza keg. Sigara kuachana nayo.

Halafu kuna wewe. Uko na miaka ishirini na kitu, unajiona uko freshi, na pengine mkono wako haujawahi kufungwa ile mashine. Presha hufuata familia, na dere wako anaweza kuwa amekanyaga mafuta tangu mwaka jana bila wewe kusikia chochote. Kemisti nyingi za mtaa na vituo vingi vya afya viko na hiyo mashine, na kupimwa hakumalizi dakika kumi. Pita hapo wiki hii, na namba zako uzijue kichwani vile unajua PIN ya M-Pesa.