Puto Tumboni na Safari ya Katesh

Mwaka 2022 hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, ilianza kuwawekea watu wanene puto tumboni ili washibe upesi. Tumbo halipasuliwi, puto hupitishwa kinywani, kisha likajazwa maji. Ni hatua ya kupongezwa, ingawa huku Mbulu na Hanang wapo ambao bado huuita unene neema.

Lakini puto si la kudumu. Baada ya miezi kadhaa hapana budi litolewe, na likivuja laweza kuteremka na kuziba utumbo. Ndiyo maana maji yake aghalabu hutiwa rangi ya buluu, ili mkojo ukigeuka rangi mgonjwa akimbilie kwa daktari.

Wa Katesh akimbilie wapi? Mloganzila ni mwendo wa siku nzima. Haydom, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955, ni karibu zaidi na inafanya upasuaji. Lakini daktari asiyejua kilichomo tumboni atapoteza saa za thamani.

Tunawaomba madaktari wa Dar es Salaam wasimruhusu mgonjwa kuondoka bila barua inayotaja puto, siku lilipowekwa na siku ya kulitoa. Naye aelezwe nauli ya safari ya pili kabla hajaifunga ya kwanza.