Mishipa ya damu yenye kulisha kansere, na mashini yenye kuiona

Kivimbe cha kansere, kikiwa bado kidogo sawa kichwa cha pini, hakina mishipa yake ya damu. Kinakula tu kile kinachovuja kutoka nyama ya pembeni. Kikifika milimetre 1 ao 2, chakula hakitoshi tena. Hapo kinaweza kusimama miaka mingi, na mwenye kuwa nacho hajui kitu. Lakini siku kivimbe kinapata mishipa yake, njo mateso yanaanza.

Mutu aliyefundisha jambo hili ni Judah Folkman, munganga mupasuaji wa watoto ku Boston, Marekani. Mwanzo wa miaka ya 1960, wakati alitumika katika jeshi la maji, yeye na mwenzake waliweka chembe za kansere ndani ya kiungo cha nyama walichokitunza katika chombo cha kioo. Vivimbe vilikua kidogo, halafu vikasimama. Wakavihamisha katika panya wazima: vikakua mbio mbio. Na chembe ni zile zile! Tofauti ilikuwa mishipa. Mwaka 1971 Folkman aliandika kwamba kivimbe kinatuma ujumbe ku mishipa ya jirani, kuiita imee mpaka kwake. Basi, mutu akizuia mishipa hiyo, atanyima kansere chakula. Waganga wengi hawakumuamini. Ni mwaka 1989 ndipo wachunguzi walitambua vizuri mumoja wa ujumbe ule, wenye kuitwa VEGF.

Kumea kwa mishipa si jambo baya, wapendwa. Mutoto ndani ya tumbo la mama anaihitaji, na kidonda kinapona kwa njia yake. Mungu aliumba mwili hivyo. Kansere inaiba tu desturi njema, tena inaiba vibaya: mishipa yake inajikunja-kunja, na inavuja sawa bomba la kambi lenye kuoza.

Sasa, namna gani kuiona ndani ya mugonjwa muzima? Kumupasua kila juma haiwezekani. Hapa njo inasaidia mashini yenye waganga wetu wanaita IRM, kazi ya Paul Lauterbur, Mumarekani, na Peter Mansfield, Mwingereza, waliopewa zawadi ya Nobel mwaka 2003. Mugonjwa analala ndani ya sumaku kubwa yenye umbo la bomba. Mashini nyingi ziko na nguvu ya tesla 1,5, karibu mara 30.000 kupita nguvu ya sumaku ya dunia. Maji ya mwili yanaitika sumaku hiyo; mashini inayapigia mawimbi ya radio, nayo yanajibu. Ordinatere inageuza jibu hilo kuwa picha. Makelele ni mengi, lakini hakuna miale kama ile ya radio ya kifua.

Kwa kuona namna damu inaingia, wanapiga mugonjwa shindano ya gadoliniyumu ku mukono. Watu wa migodi watapenda kusikia kwamba hiyo ni metali. Yenyewe peke yake ni sumu, kwa hiyo inafungwa ndani ya dawa ingine yenye kuitoa kwa mukojo. Mashini inapiga picha baada ya kila sekonde chache, kwa dakika kadhaa. Pale mishipa inavuja, gadoliniyumu inapita mbio na kivimbe kinawaka mweupe mbele ya nyama ya pembeni. Kwa kuhesabu mbio hiyo, waganga wanapata namba: leo mishipa inapitisha kiasi gani, na kisha dawa kiasi gani.

Faida ni kubwa. Mwaka 2003 wachunguzi walitangaza habari za wagonjwa wenye kansere ya matumbo iliyofika ku ini. Walipewa dawa ya kuzuia mishipa, jina vatalanib, na siku ya pili tu picha zilionyesha damu imepunguka. Kivimbe chenyewe kingehitaji majuma mengi mbele ya kuonyesha kama kinakonda.

Lakini je, picha nzuri ni maisha? Hapana, si kila mara. Majaribio makubwa ya vatalanib, yaliyotangazwa mwaka 2011, hayakuonyesha kwamba wagonjwa waliishi kupita wenzao. Dawa ingine, bevacizumab, ilikubaliwa Marekani mwaka 2004: katika kansere ya matumbo, nusu ya walioipata pamoja na dawa za kawaida waliishi zaidi ya miezi 20,3, bila hiyo, miezi 15,6. Karibu miezi tano. Ni kidogo? Mama mwenye kungojea harusi ya mutoto hatasema ni kidogo.

Rakesh Jain, naye wa Boston, alitoa maelezo yenye kunipendeza: ukifunga mishipa yote, umefunga pia njia ya dawa kufika ndani. Afazali kuinyoosha kwa kipimo. Mwaka 2007, kwa wagonjwa wa kansere ya bongo, IRM ilionyesha mishipa mipana ikipunguka haraka kisha dawa ya namna hiyo, na maji yaliyovimbisha bongo yakashuka.

Kama munganga anakutuma ku IRM, mwambie hali ya figo zako: tangu mwaka 2006 ilijulikana kwamba gadoliniyumu za namna fulani zinaweza kukaza ngozi ya mutu mwenye figo zilizoharibika sana. Na wewe mwenye kuchomelea ao kusaga vyuma, sema pia kama kipande cha chuma kiliwahi kuruka ndani ya jicho, hata ni zamani. Sumaku inaweza kukisogeza na kupofusha. Mwenye mashaka anapigwa kwanza radio ya macho.