Msumeno wa Mnyororo wa Zamani: Utunzwe, Utengenezwe au Utumike?

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Katika kata nyingi za Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mufindi hadi Njombe, si jambo geni kukuta msumeno wa mnyororo wa miaka mingi umefungwa gunia na kuhifadhiwa darini au pembeni mwa ghala. Mara nyingi mashine hiyo ni urithi kutoka kwa mzazi aliyewahi kufanya kazi ya kuangusha miti. Inapofika zamu ya kuvuna misindano au mikaratusi ya familia, swali huibuka: je, mashine ya mzee iwashwe tena?

Swali hilo linahitaji jibu la uangalifu, kwa sababu linagusa mali, urithi na uhai wa mtu. Makala haya yanaeleza asili ya mashine hizo, namna ya kuzitunza na kuzitengeneza, na mipaka ya kuzitumia.

Zilikotoka

Kabla ya mashine hizi, magogo yalikatwa kwa msumeno wa watu wawili, na mbao zilipasuliwa mmoja akiwa juu ya gogo na mwenzake shimoni. Mwaka 1926 Andreas Stihl wa Stuttgart, Ujerumani, alitengeneza msumeno wa mnyororo uliotumia umeme. Ulikuwa na uzito wa kilo 64 na ulihitaji watu wawili kuubeba. Mwaka uliofuata Emil Lerp, Mjerumani mwingine, aliujaribu msumeno wake wa petroli katika mlima Dolmar, na kampuni yake ikachukua jina la mlima huo.

Msumeno wa petroli wa Stihl unaobebwa na mtu mmoja ulitoka mwaka 1950, ukiwa na uzito wa kilo 16. Mwaka 1959 ulifuata ule ulioitwa Contra, wenye kilo 12 na nguvu kubwa zaidi. Mwaka huohuo kampuni ya Husqvarna ya Uswidi ilitoa msumeno wake wa kwanza. Kutokana na Contra ulizaliwa Stihl 070, mashine yenye injini ya takriban sentimita za ujazo 106, ambayo wakataji miti wengi wa Afrika wanaifahamu vizuri.

Mnyororo wenyewe pia una historia yake. Katika miaka ya 1940, Joseph Cox, mkata miti wa Oregon, Marekani, alimtazama funza wa mbawakawa akila mti mgumu kwa taya zake, kushoto na kulia. Akatengeneza mnyororo wenye meno yaliyopinda kwa mfano huo, akaanza kuuza mwaka 1947. Minyororo mingi ya leo bado inafuata umbo hilo.

Kwa wanaopenda kuhifadhi

Katika nchi kama Ujerumani, Uswidi, Marekani na Kanada, wapo watu wanaokusanya misumeno ya zamani, kuitengeneza na kuionesha. Hapa nchini mwenye mashine ya namna hiyo anaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama kubwa. Jambo la kwanza ni kutoibandua bamba lenye jina na namba za mashine, kwa kuwa ndilo linaloonesha aina yake na vipuri vinavyohitajika.

Pili, mafuta yote yamwagwe kwenye chombo salama kabla ya kuihifadhi. Petroli iliyolala ndani ya tangi huacha utando unaoziba vijitundu vya kabureta. Tatu, plagi ifunguliwe, oili kidogo itiwe ndani ya silinda, kamba ya kuwashia ivutwe taratibu mara mbili au tatu, kisha plagi irudishwe. Kwa njia hiyo silinda hukingwa na kutu. Mashine ihifadhiwe mahali pakavu, mbali na jiko na mbali na watoto.

Kwa wanaotaka kuitengeneza

Fundi mwenye uzoefu huanza kwa kuuliza maswali matatu: je, injini inazunguka, ina moto, na inapata mafuta?

Ili kujua kama injini inazunguka, kamba huvutwa polepole swichi ikiwa imezimwa. Ikigoma, isilazimishwe. Plagi hufunguliwa, oili nyepesi hutiwa ndani ya silinda na kuachwa usiku kucha. Baada ya hapo ekzosi huondolewa ili pistoni ionekane kupitia tundu lake. Pistoni yenye michubuko mirefu ya wima ni dalili kwamba injini iliwahi kukamata, na pengine gharama ya kuifufua itazidi thamani yake.

Kuhusu moto, misumeno mingi ya zamani hutumia plati na kondensa. Kwa miaka ya kukaa bure, plati hushika kutu. Husafishwa kwa msasa laini na kufutwa kwa kitambaa kikavu. Upana wa mwanya wa plati katika mashine nyingi ni kati ya milimita 0.3 na 0.4, na wa plagi ni takriban milimita 0.5. Jaribio la kuona cheche lifanyike mbali na petroli.

Kuhusu mafuta, kabureta ya msumeno ina kiwambo chembamba cha mpira. Kiwambo hicho ndicho kinachoiwezesha mashine kufanya kazi hata ikilazwa ubavu. Kikikauka, mashine huwaka kidogo na kuzima, hata kama kila kitu kingine ni kizima. Vipuri vyake hutafutwa kwa namba iliyochorwa kwenye kabureta. Mipira ya mafuta iliyopasuka nayo ibadilishwe yote kwa pamoja.

Injini hizi hazina oili yake ya ndani. Hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli. Mashine nyingi za zamani hutumia kipimo cha 1 kwa 25, yaani mililita 200 za oili maalumu ya injini hizo kwa lita 5 za petroli. Mashine za sasa hutumia 1 kwa 50, yaani mililita 100 kwa lita 5. Maelezo ya mtengenezaji wa mashine husika ndiyo ya kufuatwa. Oili ya gari haifai kwa kazi hiyo, na mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi mmoja usitumike. Vilevile oili chafu isitumike kulainisha mnyororo, kwa kuwa ina chembe za chuma na hudhuru ngozi ya mtumiaji pamoja na ardhi.

Wanaonunua mnyororo mpya mara nyingi hukosea kipimo. Njia rahisi ni kupima umbali kutoka katikati ya ribiti ya kwanza hadi katikati ya ribiti ya tatu, kisha kugawa kwa mbili. Jibu la karibu milimita 9.5 ni aina moja, na la karibu milimita 10.3 ni aina nyingine. Aina hizo haziingiliani, na mnyororo usiolingana na gia yake unaweza kuchomoka au kukatika kazini.

Kwa wanaotaka kuitumia

Hapa ndipo penye hatari. Sehemu ya juu ya ncha ya msumeno ikigusa kuni au tawi wakati mnyororo unazunguka, mashine nzima hurushwa juu na nyuma kuelekea usoni na shingoni mwa aliyeishika. Jambo hilo hutokea kwa kasi ambayo mtu hawezi kuiwahi. Kwa sababu hiyo, kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970, watengenezaji walianza kuweka breki ya mnyororo: kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto ambayo, ikisukumwa, huusimamisha mnyororo mara moja.

Misumeno mingi iliyotengenezwa kabla ya hapo haina breki hiyo, na fundi wa kawaida hawezi kuiongezea. Zipo pia nakala mpya za mashine za zamani zinazouzwa bila breki. Upya wa rangi usimdanganye mnunuzi. Kabla ya kuwasha, mwananchi anashauriwa kukagua mambo manne:

1. Kinga ya mbele yenye breki ya mnyororo inayofanya kazi.
2. Kifungo cha usalama kinachozuia mafuta kuvutwa kwa bahati mbaya.
3. Kishika mnyororo, kinachoudaka unapokatika au kuchomoka.
4. Mipira au springi zinazotenganisha injini na vishikio ili kupunguza mtetemo.

Mashine isiyo na breki ya mnyororo isitumike kuangusha miti wala kukata matawi. Inaweza kuwashwa na fundi kwa majaribio au maonesho, lakini nafasi yake inayostahili ni kuhifadhiwa. Mashine isiyo na kinga ya mtetemo ina madhara ya polepole: vidole hupoteza damu, huwa vyeupe na kufa ganzi, hasa asubuhi za baridi, na hali hiyo inaweza kuwa ya kudumu.

Hata mwenye mashine iliyokamilika anapaswa kuvaa kofia ngumu, miwani, kinga ya masikio, viatu vigumu na suruali maalumu yenye nyuzi zinazousimamisha mnyororo. Mafuta yaongezwe injini ikiwa imepoa, na mashine iwashwe umbali usiopungua mita tatu kutoka mahali pa kujazia. Wakati wa kuangusha mti, watu wengine wakae umbali usiopungua urefu wa mti mara mbili, na njia ya kukimbilia iandaliwe mapema, kwa mshazari nyuma ya upande unaoangukia mti. Mtu asifanye kazi hiyo peke yake.

Huduma zilizopo

Kumiliki msumeno si ruhusa ya kuvuna. Uvunaji wa miti unasimamiwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na usafirishaji wa magogo na mbao una hati zake. Mwananchi anayekusudia kukata miti, hata iliyo shambani mwake, aanze kwa Mtendaji wa Kijiji na Afisa Misitu ili aelezwe vibali vinavyohitajika. Mti ulioegemea nyaya za umeme usiguswe; taarifa ipelekwe TANESCO. Moto ukizuka, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, bila malipo.

Vijana wenye ujuzi wa kutengeneza mashine ndogo wanaweza kujiunga katika kikundi na kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ambapo asilimia 4 ni kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maafisa Maendeleo ya Jamii wa kata hutoa maelekezo ya usajili wa vikundi.

Familia zenye misumeno ya zamani zinahimizwa kuikagua kabla ya msimu wa kuvuna kuanza, siyo asubuhi ya siku ya kazi. Mashine aliyoitumia mzazi kwa miaka mingi na kurudi nyumbani salama ni ya kuheshimiwa. Hata hivyo, usalama wa mzazi huyo ulitokana na uzoefu wake, na uzoefu huo haukuja pamoja na mashine kwa mtoto aliyeirithi.