Dhoruba Ikipita Bustanini, Hasara ni ya Nani?

Mtu wa Mafia akitajiwa bustani hafikiri maua. Hufikiri mchicha na bamia zilizo nyuma ya jiko, mipapai na migomba iliyo kando ya kisima, matuta ya muhogo, na minazi ambayo kwayo wazee wetu walijenga nyumba na kuoza watoto wao. Mali hii haina kufuli wala haihitaji kufuli. Mwizi hawezi kuichukua yote kwa usiku mmoja. Lakini upepo na maji vyaweza.

Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024, kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kiliingia nchi kavu katika kisiwa chetu hiki, ndipo kikapoteza nguvu zake. Katika lugha yetu hidaya ni zawadi, lakini jina jema halikuupunguza upepo. Mvua na mawimbi yake yaligusa pia Kilwa, Lindi na Mtwara, na barabara kuu itokayo Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatwa na maji upande wa Somanga. Ng'ambo yetu, katika bonde la Rufiji, mashamba yalikuwa yamekwisha kuzama tangu mwezi wa Aprili. Basi hasara ya mwaka ule haikuwa ya kisiwa kimoja.

Wako wasemao kwamba jambo kama hilo halijapata kuonekana katika pwani yetu. Si kweli. Tarehe 15 Aprili 1872, katika enzi ya Sayyid Barghash, tufani ilipiga Unguja ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi yake. Pemba ilisalimika zaidi, na tangu hapo ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu. Mwezi wa Aprili 1952, Lindi nayo ilipigwa na kimbunga. Ni kweli kwamba dhoruba za namna hii ni nadra kwetu. Mafia iko kiasi cha digrii 8 tu kusini ya ikweta, na karibu na mstari huo mzunguko wa dunia hauupi upepo msokoto wa kutosha kuukuza kuwa kimbunga. Lakini nadra si amani. Tena tazameni miezi yenyewe: Aprili, Aprili, Mei. Huja masika, wakati ardhi imekwisha kulowa na mizizi imelegea, hata upepo ambao mwezi wa Januari ungaliupinda mti tu, huung'oa.

Kabla ya mawingu

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mwenye bustani akingojea mawingu amekwisha kuchelewa. Kazi ya kwanza ni maji kupata njia. Mfereji uchimbwe mapema, kabla ya masika kushika, ukinge maji ya juu na kuyapeleka pembeni, wala usielekezwe kwa jirani, maana kumtoa maji mwenzio shambani si kumaliza shida bali ni kuihamisha. Matuta yainuliwe, nayo yakate mteremko, yasiufuate. Kila mmea upewe mahali pake: bondeni majimbi na mpunga, ambayo hupenda maji, juu muhogo na mboga. Muhogo ukikaa ndani ya maji siku chache tu huoza. Kwa hiyo muhogo uliokomaa ulio mahali pa chini heri ung'olewe mapema, ukatwe na kuanikwa uwe makopa, kuliko kuwaachia maji.

Kazi ya pili ni upepo. Habari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zikisikika redioni, zisichukuliwe kuwa porojo. Mamlaka hiyo ilionya juu ya Hidaya kabla haijafika. Hapo mkwezi aitwe aangue nazi zilizokomaa, kwa sababu nazi iliyo juu ya mti siku ya dhoruba ni jiwe lililotundikwa juu ya vichwa vya watoto. Mgomba wenye mkungu utiwe nguzo, na mkungu uliopevuka ukatwe. Mpapai hauna mti mgumu ndani yake. Matunda makubwa yachumwe ili kichwa chake kiwe chepesi. Na aliye karibu na pwani asikate mikoko wala mivinje kwa tamaa ya kuni, kwani hiyo ndiyo kuta zetu zilizo mbele ya bahari. Kule Kisimani Mafia bahari imekwisha kula magofu ya mji mzima. Mchicha wetu haitauonea haya.

Kazi ya tatu ni mbegu. Nabii Yusuf (a.s.), alipowafundisha watu wa Misri namna ya kuikabili miaka ya dhiki, hakuwaambia waweke akiba tu, aliwaambia waiache nafaka ndani ya mashuke yake, isipokuwa kidogo watakachokula. Humo mna ilimu, kwa maana punje iliyo ndani ya ganda lake hukaa zaidi. Basi kunde na mahindi ya mbegu yawekwe na maganda yake juu ya dari ya jiko, moshi uyafikie. Mbegu ndogondogo zikaushwe vizuri, zitiwe katika chupa iliyozibwa. Tena zisiwekwe zote nyumba moja. Nusu mpe dada yako wa kijiji kingine, nawe umshikie zake, ili paa moja likienda, mbegu zisiende zote.

Baada ya maji kupwa

Siku ya pili yake watu hukimbilia shambani na majembe. Heri wangoje. Udongo uliolowa ukikanyagwa hushikamana, na mizizi hukosa hewa. Kwanza maji yafunguliwe yatoke. Maji ya chumvi yakiingia bustanini, yatolewe upesi kwa mfereji, kisha mvua iachiwe iisafishe ardhi kabla ya kupanda tena. Mnazi huvumilia chumvi, maharage hayavumilii. Majani yaliyorushiwa maji ya bahari na upepo yaoshwe kwa maji matamu.

Mboga zilizozama katika maji yaliyopita vyooni zisiliwe mbichi hata kidogo, na zile zilizo laini zing'olewe na kutupwa. Maji ya kisima kilichofurika yasinywewe mpaka kisafishwe na kutiwa dawa, na hata hapo yachemshwe. Akina mama wajua kuliko sisi kwamba kuhara kwa mtoto ni msiba mkubwa kuliko mgomba kuanguka.

Na minazi? Uliokatika hauna tiba, lakini ulioinama, ikiwa kilele chake kingali kizima, huendelea kuishi na kuzaa. Ule mchanga waweza kuinuliwa na kushikizwa. Magogo yaliyoanguka yasiachwe yaoze shambani, kwa sababu humo ndimo mdudu chonga anamotaga mayai yake, kisha huruka akatoboa vilele vya minazi iliyosalimika. Mwenye kuacha magogo hujiletea dhoruba ya pili isiyo na mvua.

Hesabu ya hasara

Ndugu wasomaji, yote niliyoyataja mpaka hapa mkulima mzuri ayajua. Liko jambo moja ambalo wengi hulisahau, nalo ndilo livunjalo udugu baada ya dhoruba kupita. Ni hesabu.

Katika visiwa vyetu tuna desturi ya kuuziana matunda yangali mtini, na kukodishana minazi. Tuseme mtu amenunua machungwa ya miti kumi kwa shilingi 200,000, matunda yamekwisha kuanza kuiva, akatoa fedha. Kabla hajayachuma, upepo ukayapukutisha yote matopeni. Mwenye miti yuasema, "Biashara imekwisha kufungwa." Mnunuzi yuasema, "Nimenunua machungwa, sikununua upepo." Nani apate hasara?

Mtume wetu (s.a.w.) aliliamulia jambo hili. Katika Hadithi aliyoipokea Jabir, iliyomo katika Sahihi ya Muslim, alimkataza aliyemuuzia nduguye matunda, kisha yakapatwa na jaiha, yaani msiba uangamizao mazao, asichukue kitu kwake. Akauliza kwa haki gani mtu ataila mali ya nduguye. Wanavyuoni wametofautiana katika hukumu yake. Imam Malik alisema hasara ikifika theluthi na mnunuzi apunguziwe. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli ya baadaye ni kwamba kumwondolea mnunuzi hasara hiyo si wajibu bali ni jambo lipendezalo. Lakini je, sisi tulio jirani msikiti mmoja, twataka kuishi kwa wajibu mtupu?

Na mambo hugeuka upande wa pili. Mara nyingine mwenye shamba ndiye aliyefilisika, naye ana deni la unga na mafuta dukani. Qurani, katika Sura ya Baqara, yaamuru mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na kwamba kumsamehe ni heri zaidi. Mwenye duka anaye mtaji wa kungoja. Mwenye bustani hana mti wa kungojea. Asikubali kumfanya auze kiwanja chake kwa bei ya msiba.

Vitabu vya fiqhi vimefika mpaka kwenye mbegu: mafuriko yakizoa mbegu za mtu yakazipeleka katika ardhi ya mwenziwe zikaota, mmea ule ni wa mwenye mbegu. Basi ikiwa mbegu iliyobebwa na maji haipotezi mwenyewe, nazi zilizoangukia ua wa jirani zitampotezaje? Vijana wa madrasa, mkiokota nazi baada ya upepo, ulizeni kwanza ni za nani. Kisha chukueni mapanga, mkamsaidie mzee asiye na mtoto kuondoa gogo lililoangukia bustani yake.

Masika yatarudi. Kabla hayajarudi, kila nyumba na ichimbe mfereji wake na kugawa mbegu zake. Na wawili wauzianao matunda mtini, waandikiane mapema, mbele ya mashahidi, wakubaliane watafanya nini dhoruba ikiyafikia kabla ya mchumaji. Maana ni rahisi watu kupatana jua likiwaka kuliko siku ambayo wote wawili wamesimama matopeni. Mwenyezi Mungu atujaalie mvua ya manufaa, wala isiwe ya kubomoa. Amin.